Mwaka 2020 wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipungua hospitalini. Walikwenda wapi?

#1 Mpekuzi wa Mbezi
Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu enzi za Korona na sijaona likijadiliwa humu kwa kina. Machi na Aprili 2020, wakati hospitali za Ulaya na Marekani zimefurika wagonjwa wa mapafu, wodi za moyo zilianza kubaki na vitanda vitupu.

Hizi si habari za kijiweni. Italia walihesabu hospitali 54 kwa wiki moja, tarehe 12 hadi 19 Machi: waliolazwa kwa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia 48 ukilinganisha na wiki kama hiyo ya 2019. England mwaka 2019 walikuwa wakipokea wastani wa wagonjwa 3,017 kwa wiki wenye mshtuko wa moyo au maumivu makali ya mishipa ya moyo. Mwisho wa Machi 2020 wakapokea 1,813, pungufu ya asilimia 40. Kaskazini mwa California, kwa wanachama wa Kaiser Permanente, idadi ilipungua kwa hadi asilimia 48.

Presha zilikuwa zilezile, kisukari kilekile, sigara zilezile. Mishipa haikuzibuka kwa sababu serikali imetangaza watu wakae ndani. Hao watu walikwenda wapi? Wenye ujuzi na wenye visa vyao karibuni.

#2 Kisiki cha Mpingo
Hofu. Mtu anaona kwenye runinga majeneza yanabebwa na malori ya jeshi kule Bergamo, Italia, halafu kifua kimbane aende hospitali? Hakuna cha kujadili hapa.

#3 Bint Mwambao
Kisiki wewe kila uzi unataka ufungwe posti ya pili 😄 Acha watu wachangie.

Hofu ipo, siikatai. Mjomba wangu Tanga alikuwa na maumivu yanashuka mkono wa kushoto, akasema ni gesi, akanywa vidonge vya gesi na maji ya tangawizi. Tukimwambia twende, anasema "nikienda na ugonjwa mmoja nitarudi na miwili, au nisirudi". Alikubali kwenda siku ya tatu, baada ya kushindwa kupanda ngazi tatu za baraza ya nyumba yake mwenyewe. Yupo hai, lakini moyo umechoka, hatembei umbali wa kutoka hapa hadi msikitini.

#4 Mchaga wa Kibosho
Mimi naona mnakimbilia hofu haraka mno. Fikirieni upande wa pili: labda magonjwa yenyewe yalipungua kweli. Watu walilala vya kutosha, foleni hakuna, bosi hakuna, moshi wa magari hakuna. Kule India, Jalandhar, Aprili 2020 watu waliona milima ya Himalaya kwa macho yao kutoka mjini, kitu ambacho wengi hawajawahi kukiona. Hewa chafu na presha ya kazi ni vichocheo vinavyojulikana vya mshtuko wa moyo. Ukiviondoa vyote kwa mpigo, kwa nini idadi isishuke?

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku
Mchaga, hoja yako niliisikia hata kwa madaktari wetu wakati huo, lakini ngoja niseme nilichokiona. Nilikuwa wodi ya moyo, London. Ndani ya wiki mbili wodi ilipukutika. Nusu yetu tukahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi. Tangazo lilikuwa kila ukuta: baki nyumbani, linda huduma ya afya, okoa maisha. Wazee walilipokea kama agizo la kutowasumbua madaktari. Mzee mmoja aliniambia kabisa, "sikutaka kuchukua kitanda cha mtu anayekihitaji". Yeye mwenyewe alikuwa mshipa mkuu wa mbele umeziba.

Na waliokuja walikuja wamechelewa. Tukaanza kuona mambo ambayo wazee wa kazi walisema wameyaona zaidi vitabuni: ukuta wa moyo umetoboka kwa sababu msuli umekufa siku kadhaa bila tiba. Hali hiyo humkuta mtu aliyekaa nyumbani na mshtuko wake. Aliyepumzika tu kwenye hewa safi hafiki huko.

Takwimu nyingine ya England ya kutazama: mshtuko wa aina kubwa, ule wa mshipa kuziba kabisa, ulipungua asilimia 23. Ule wa aina ya pili, ambao mshipa haujaziba wote na maumivu huja na kuondoka, ulipungua asilimia 42. Kama hewa safi ndiyo iliyopunguza ugonjwa, mbona wenye maumivu ya kuvumilika ndio walipungua zaidi?

#6 Mpekuzi wa Mbezi
Asante dada #5. Hiyo ya asilimia 23 na 42 sikuwa nayo, inabadilisha kidogo mjadala.

#7 Mchaga wa Kibosho
Inabadilisha, lakini haimalizi. Msongo wa mawazo unaweza kuchochea zaidi aina moja kuliko nyingine. Na hiyo asilimia 23 ya aina kubwa bado inahitaji maelezo. Mtu mwenye mshipa ulioziba kabisa analoa jasho, anatapika, anahisi kifo kinamjia. Huyo naye alivumilia tu?

#8 Njoro wa Rongai
Kwetu Kenya hofu ilikuwa nusu ya shida. Nusu ya pili ni kafyu. Kafyu ilianza 25 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Jirani yangu, baba wa watoto wanne, alishikwa na kifua saa nne usiku. Mwenye teksi wa mtaa alikataa kutoka, alisema polisi watampiga kabla hajafungua mdomo kueleza. Tulipiga simu za ambulensi tukaambiwa zote ziko na wagonjwa wa Korona, tungoje. Tulingoja mpaka alfajiri. Hakufika. Bibi yake mpaka leo anauliza ingekuwa mwaka mwingine ingekuwaje, na sisi majirani hatuna la kumjibu.

#9 Msahihishaji
Pole sana Njoro. Kwa kumbukumbu tu: 25 Machi ndiyo siku Rais Kenyatta alitangaza. Utekelezaji ulianza Ijumaa tarehe 27.

#10 Njoro wa Rongai
Sawa, 27. Wagonjwa na wahudumu wa afya waliruhusiwa kwenye karatasi. Barabarani saa nne usiku ilikuwa kitu kingine.

#11 Utingo wa Malaba
Njoro, ungekuwa Kampala ungelia zaidi. Nilikwama Uganda kipindi hicho na lori. Mwisho wa Machi walipiga marufuku magari binafsi kabisa, bodaboda hazibebi abiria, kafyu kuanzia saa moja jioni. Ukitaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari lako, sharti upate kibali cha RDC, yaani mkuu wa wilaya aliyewekwa na rais. Fikiria mgonjwa amelala kiti cha nyuma anahema, wewe unatafuta simu ya mkuu wa wilaya.

Kelele zilipozidi kwa sababu ya kina mama waliofia njiani, Aprili Museveni akasema wajawazito waende bila kibali. Lakini tumbo la mjamzito askari analiona kwa macho. Kifua kinachobana hakioni.

#12 Kisiki cha Mpingo
Hayo ya kafyu yanahusu usiku na nchi zetu. Italia ambulensi zilikuwepo na bado walipungua nusu. Narudi palepale: hofu.

#13 Mzee wa Jangwani
Mmesahau sababu moja kubwa. Ligi ilisimama! Machi 2020 hakuna Simba, hakuna Yanga, hakuna Premia. Mioyo ilipumzika 😂

#14 Bint Mwambao
Mzee wa Jangwani na wewe kila kitu mpira. Haya, mmesikia madaktari? Yanga wakicheza tupimwe presha getini.

#15 Tabibu wa Kata
Mnacheka, lakini mzee hakukosea kabisa. Kombe la Dunia la 2006, watafiti wa Munich walihesabu dharura za moyo: siku Ujerumani inacheza ziliongezeka mara 2.66 ukilinganisha na siku za kawaida, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio waliumia zaidi. Mpira unaua kweli wenye mishipa mibovu.

Ila kwa hoja ya #4 na #13 kwamba mioyo ilipumzika, kuna ushahidi wa upande mwingine. Ohio, hospitali za Cleveland Clinic, kuanzia Machi hadi Aprili 2020 waliona ongezeko la ule ugonjwa ambao moyo unalegea ghafla kwa huzuni au msongo mkali, mishipa ikiwa wazi kabisa. Miongoni mwa wagonjwa waliokuja na dalili za mshtuko wa moyo, wenye hali hiyo walitoka chini ya asilimia 2 hadi karibu asilimia 8. Watu walikuwa nyumbani, ndiyo, lakini wamefukuzwa kazi, wamefiwa, hawajui kesho. Kukaa ndani kwa namna hiyo sikuiti kupumzika.

#16 Mchaga wa Kibosho
Daktari, hiyo ni Ohio, na ni wagonjwa wachache. Lakini naipokea.

#17 Mpekuzi wa Mbezi
Tabibu, tusaidie jambo moja. Kwa nini kuchelewa kunaua hivyo? Wengi hapa wanadhani ukifika siku ya pili na bado unapumua basi umepona.

#18 Tabibu wa Kata
Mshipa wa moyo ukiziba, msuli unaolishwa na mshipa huo huanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 40, na kifo hicho kinasambaa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kanuni inasema kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aingie, na mahali penye mtambo wa kuzibua mishipa, mshipa ufunguliwe ndani ya dakika 90. Mahali pasipo na mtambo, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda itolewe mapema, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na saa za mwanzo zina faida kubwa kuliko zote. Baada ya hapo faida inapungua haraka. Msuli uliokufa haurudi. Mgonjwa anaweza kuishi, ila na moyo dhaifu, kama huyo mjomba wa Bint Mwambao.

Hong Kong, hospitali ya Queen Mary, waliandika mapema sana juu ya hili. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari 2020, muda wa kati tangu maumivu yaanze hadi mgonjwa amfikie mhudumu wa afya ulikuwa dakika 318. Kabla ya hapo ulikuwa 82 na nusu.

#19 Msahihishaji
Utafiti huo wa Hong Kong ulikuwa na wagonjwa 7 tu. Tuutaje, lakini tuseme na idadi.

#20 Tabibu wa Kata
Ni kweli, 7. Ila Italia hawakuwa 7. Ile wiki ya hospitali 54 aliyoitaja mleta mada, kati ya wale wachache waliofika na mshtuko wa aina kubwa, asilimia 13.7 walifariki. Wiki hiyohiyo ya 2019 ilikuwa asilimia 4.1. Wachache zaidi waliingia, na walioingia walikufa kwa kiwango cha mara tatu.

#21 Ngosha Mtulivu
Mnatafuta walikokwenda. Walikufia nyumbani, mbona iko wazi? Lombardia, kaskazini mwa Italia, mikoa ya Lodi, Cremona, Pavia na Mantova: siku 40 za kwanza za mlipuko, watu 362 moyo ulisimama wakiwa nje ya hospitali. Kipindi kama hicho 2019 walikuwa 229. New York City, kuanzia 1 Machi hadi 25 Aprili 2020, watu 3,989 walihudumiwa na timu za ambulensi moyo ukiwa umesimama, mwaka wa nyuma 1,336. Mara tatu! Wale wagonjwa waliokosekana wodini ndio hawa.

#22 Kisiki cha Mpingo
Asante Ngosha. Jibu limepatikana. Hofu iliwaweka nyumbani, nyumbani wakafa.

#23 Msahihishaji
Polepole. Waandishi wa utafiti huo wa Lombardia walisema wazi: katika ongezeko lile, asilimia 77.4 inaelezwa na watu 103 waliokuwa na Korona au waliodhaniwa kuwa nayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mioyo iliyosimama nyumbani ilikuwa ya watu waliougua Korona yenyewe, oksijeni imekwisha mwilini. Huwezi kuchukua vifo vyote hivyo ukaviweka kwenye pengo la wodi ya moyo. Pengo ni kubwa kuliko wanaobaki.

#24 Ngosha Mtulivu
"Waliodhaniwa". Hilo neno lina mzigo. Machi 2020 Lombardia, mtu aliyekufa nyumbani akiwa alihema kwa shida jana yake, nani angemdhania kitu kingine? Kuhema kwa shida ni dalili ya mshtuko wa moyo pia, hasa kwa wazee, wanawake na wenye kisukari, ambao wengine hawapati maumivu ya kifua kabisa.

#25 Msahihishaji
Hoja nzuri, na haipimiki bila kupasua maiti. Nami sisemi hawakuwepo, nasema hesabu haifungi.

#26 Mama Junior wa Ubungo
Ngosha umenigusa hapo kwenye kuhema. Naombeni niseme yangu.

Mwanzo wa 2021 hapa Dar, mnakumbuka kila tangazo la msiba lilisema "changamoto ya upumuaji". Baba yangu alikuwa na kisukari. Asubuhi akaanza kuhema, jasho linamtiririka, kifua anasema hakimuumi, "nimechoka tu". Ndugu wote wakasema ndiyo hiyo changamoto. Tukamfukiza. Nyungu ya mchaichai na mwarobaini, chini ya blanketi, mtu mwenye moyo unaokufa. Akazidi. Tulipomfikisha hospitali, sitaitaja, getini wakaona anahema wakampeleka moja kwa moja upande wa wagonjwa wa upumuaji, akawekwa oksijeni, akapangiwa foleni ya picha ya kifua. Kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika jioni, baada ya daktari mmoja kijana kuuliza kama ana kisukari. Walimkuta na mshtuko wa moyo, umeshapita muda wa dawa. Alifariki usiku ule.

Kwenye msiba watu walikaa mbali mbali wakidhani ni Korona. Ndiyo maana nasema, kama kuna mtu anahesabu, baba yangu hayumo kwenye hesabu ya moyo. Yumo kwenye ile changamoto.

#27 Bint Mwambao
Innalillahi. Pole sana dada Mama Junior. Mungu amlaze pema.

#28 Mchaga wa Kibosho
Pole sana dada yangu.

#29 Daktari Mwanafunzi (Moshi)
Pole dada. Nataka niongeze jambo kuhusu kwetu, maana uzi umekaa Ulaya sana. Huku hatuwezi hata kusema wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipungua kwa asilimia fulani, kwa sababu kabla ya Korona hatukuwa tunawatambua. Watafiti waliokaa idara ya dharura ya hospitali ya KCMC hapa Moshi, kabla ya janga, waliwapima umeme wa moyo na damu wagonjwa wote waliokuja na maumivu ya kifua au kuhema. Mshtuko wa moyo ulikuwa mwingi kuliko ilivyodhaniwa, na wengi walikuwa wameandikiwa kitu kingine: moyo kushindwa, nimonia, presha. Aspirini wengi hawakupewa.

Kwa hiyo Italia waliokosekana mwaka 2020 walikuwa wagonjwa waliowazoea. Kwetu walikuwa wanakosekana siku zote, Korona ikaongeza jina jingine la kuwaandikia.

#30 Utingo wa Malaba
Hii ndiyo posti ya uzi.

#31 Mtoto wa Virunga
Salamu kutoka Goma. Ninyi mnazungumza hofu ya hospitali kama kitu kipya cha 2020. Sisi Kivu ya Kaskazini Ebola ilianza Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha 25 Juni 2020, kwa hiyo Korona ilitukuta bado tuko ndani ya jambo lingine. Beni na Butembo, mtu mwenye homa alijificha, kwa sababu akifika kituo cha afya watu wa riposti, yaani timu za kupambana na Ebola, watamchukua kwa gari, na familia itamwona tena kwenye mfuko. Watu walikufa na malaria nyumbani, walikufa kwa kujifungua. Hofu ile haikuwa ujinga. Vituo vya afya vyenyewe vilikuwa vimeambukiza watu kweli. Msiwacheke wazee wa London. Walifanya hesabu kama tuliyofanya sisi.

#32 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kaka wa Goma, hata hospitali zetu watu waliambukizwa ndani kweli. Yule mzee hakuwa anaota.

#33 Mla Mbivu
Mnaongea sana, nyungu ilitusaidia wengi. Mama Junior asisingizie nyungu.

#34 Bint Mwambao
Mla Mbivu, mtu amefiwa na baba yake, hujasoma? Hakuisingizia, alieleza kilichofanyika. Fungua uzi wako wa nyungu.

#35 Msimamizi
Posti za nyungu na za kifo cha Rais Magufuli zimehamishwa jukwaa lake. Humu tubaki kwenye moyo na hospitali.

#36 Dereva wa Minneapolis
Nimechelewa. Kuna kitu kinanichanganya. Kirusi chenyewe kinagandisha damu na kuwasha mishipa. Basi mshtuko wa moyo ulitakiwa UONGEZEKE, siyo tu ubaki palepale. Kwa hiyo pengo la kweli ni kubwa kuliko hizo asilimia 40 na 48, sivyo?

#37 Tabibu wa Kata
Swali zuri na lilitutesa. Hospitali sita za New York ziliandika wagonjwa 18 wa Korona ambao kipimo cha umeme kilionyesha dalili za mshtuko wa aina kubwa. Kati yao 8 tu ndio walithibitika kuwa na mshtuko, 10 msuli wa moyo uliumia kwa njia nyingine. Walifariki 13 kati ya 18. Daktari aliye mbele ya mgonjwa kama huyo anaamua nini? Ukimpeleka kuzibua mshipa unaweza kukuta hakuna kilichoziba, na umeshawaweka watu wako hatarini. Usipompeleka, labda ndiye mmoja wa wale 8.

#38 Nesi wa Zamu ya Usiku
Na vyumba vyenyewe. Watu wengi hawajui kwamba vyumba vingi vya kuzibua mishipa ya moyo hujengwa hewa isukumwe kutoka ndani kwenda nje, ili vijidudu vya korido visiingie kwenye jeraha. Ukimwingiza mwenye Korona, hewa yake inasukumwa kwa wenzako nje. Tukawa tunavaa gauni, barakoa nzito, ngao ya uso, glavu mbili, juu ya lile aproni la risasi la kuzuia mionzi. Kuvaa peke yake kunakula dakika ambazo Tabibu amezihesabu pale juu. Hakuna aliyezembea, lakini dakika zilipotea.

China waliamua mapema kwamba kwa muda ule dawa ya kuyeyusha damu itangulie kabla ya kuzibua kwa waya. Wataalamu wa Ulaya na Marekani wengi walikataa, wakasema palipo na mtambo, mtambo uendelee.

#39 Daktari Mwanafunzi (Moshi)
Kwetu mjadala huo wa China na Ulaya una jibu lake: mtambo uko Dar, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, na sehemu chache nyingine. Mgonjwa wa Sumbawanga au Newala tegemeo lake ni dawa ya kuyeyusha, kama ipo, na kama kuna mtu wa kusoma kipimo usiku.

#40 Mzee wa Jangwani
Swali kwa matabibu. Nina 63, presha ninayo. Nikishikwa na kifua usiku nitafune Aspirini au nisubiri?

#41 Tabibu wa Kata
Mzee wangu, kwanza safari ya hospitali ianze, dawa isiwe sababu ya kubaki nyumbani. Aspirini inayotafunwa kwa kawaida ni miligramu 300, itafunwe, isimezwe nzima. Usitafune kama una mzio nayo, kama unatapika damu au una kidonda cha tumbo kinachotoa damu, au kama umepooza upande na huenda ni kiharusi. Na kliniki yako ijayo muulize daktari wako akuambie kwa hali yako wewe, maana mimi sijakupima.

#42 Mzee wa Jangwani
Nimekusoma mwanangu. Ubarikiwe.

#43 Mwanabiolojia wa Mabibo
Hakuna aliyetaja mafua ya kawaida. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018 ulionyesha hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara 6 ndani ya siku 7 baada ya mafua ya influenza kuthibitishwa. Barakoa, kunawa mikono, shule kufungwa: influenza ilikaribia kupotea duniani. Ukiondoa kichocheo hicho, mishtuko ya moyo inapungua bila hofu yoyote. Kwa hiyo Mchaga #4 huenda yuko sahihi, ila kwa sababu aliyoikosa.

#44 Msahihishaji
Inawezekana kwa msimu mzima, lakini kasi haikubali. Kaskazini mwa dunia msimu wa influenza unaelekea mwisho Machi kila mwaka, na wodi zilipungua nusu ndani ya wiki moja au mbili. Influenza haiondoki kwa kasi hiyo.

#45 Mwanabiolojia wa Mabibo
Sikusema inaeleza nusu yote. Chukua asilimia 10 ya mafua, 10 ya hewa na mapumziko, inayobaki mpe Kisiki na hofu yake.

#46 Kisiki cha Mpingo
Sigawani na mtu.

#47 Mpekuzi wa Mbezi
Asanteni wote, Mama Junior hasa. Kuna namba moja sijaitoa, naona ndiyo inaisumbua hofu ya Kisiki. England walianza kampeni mwisho wa Aprili 2020 kuwaambia watu hospitali ziko wazi, njooni. Mwisho wa Mei wagonjwa walikuwa wamerudi hadi 2,522 kwa wiki. Bado ni pungufu kwa asilimia 16 ukilinganisha na 2019. Kama ni hofu, mbona haikuisha? Na wale waliovumilia Machi na Aprili bila kufa, mbona hawakuja kwa wingi Mei wakapitiliza idadi ya kawaida?

#48 Ngosha Mtulivu
Kwa sababu waliotakiwa kuja Mei walishazikwa Aprili.

#49 Msahihishaji
Ngosha, lete hesabu ya vifo vya nyumbani vya England, aina ya ugonjwa kwa aina, ndipo tuongee.

#50 Ngosha Mtulivu
Nazileta kesho jioni, nikitoka kazini.